Nyimbo Zilizopoteza Kufuli

Mama mkwe wangu wa Kitangari alinikabidhi kaseti zake kupitia kwa mke wangu, maana kwa heshima ya ukwe mimi na mama hatuzungumzi ana kwa ana. Zilikuwa nyimbo za unyago, kaziimba mwenyewe enzi za sauti yake, na ukungu ulishaanza kuzila. Sharti lilikuwa moja: asizisikie mwanamume. Nami nikiwemo.

Nilikuwa na kompyuta kuukuu niliyoipigania bei pale Masasi mpaka muuzaji akaniuliza kama nitamwachia walau shati. Niliigeuza seva ya muziki wa nyumbani, spika zikakaa sebuleni. Mke wangu alizihamisha nyimbo za mama yake kavaa hedifoni, mlango kaufunga. Kaseti zenyewe zikakatika moja moja humo humo kwenye kuhamishwa. Alipomaliza, akaziwekea kufuli kwenye kanzidata, lile faili linalojua kila wimbo ni wa nani na nani aruhusiwe kuufungua.

"Nakala ya akiba umeweka?" akaniuliza.

"Diski mbili. Nimehesabu nyimbo, nikarudia. Hakuna uliopungua."

"Na kanzidata?"

"Hiyo haiimbi."

Nilijiona mjanja. Mimi ni mnunuzi wa korosho. Natazama kilichomo ndani ya gunia, gunia lenyewe silipigii hesabu.

Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikafa. Nikaijenga upya, nikarudisha nyimbo kutoka kwenye diski, nikazihesabu, zikatimia. Seva ilizisoma kama lundo moja, bila majina, bila kufuli. Mke wangu sikumwambia kitu. Nimwambie nini, na hesabu imetimia?

Siku ya Idi wakwe wakateremka kwetu Masasi. Wajomba wa mke wangu wakakaa sebuleni, mama mkwe uani na wanawake wenzake. Nikaiacha seva ijichagulie. Ikapiga taarabu, ikapiga dansi. Kisha ikaja ngoma ndogo, na sauti ya mwanamke ikaanza kumfunda mwali.

Mjomba mkubwa akaweka chini glasi ya juisi. Sauti ya dada yake aliijua. Mimi natafuta simu ya kuizimia. Simu iko chumbani, inachajiwa. Jirani yetu, mtani wa ukoo wa mke wangu, akapiga makofi:

"Alaa! Kumbe leo tumealikwa kuchezwa unyago! Nipeni kanga nijifunike, mwali nimefika!"

Hakuna aliyecheka. Mtani akikosa wa kucheka naye, ujue limeharibika. Nikang'oa waya ukutani, lakini ubeti mzima ulishapita. Mama mkwe aliondoka bila kula.

Wiki iliyofuata tukapanda Kitangari na seva na diski zote mbili. Nikaketi barazani, yeye ndani, mke wangu mlangoni akipokea maneno huku na kupeleka kule.

"Mwambie mama nitaweka kufuli upya. Safari hii nitanakili kila kitu."

"Mwambie mumeo, hiyo kompyuta mimi siijui. Nilimwamini yeye."

Sikuwa na bei ya kushusha hapo. Mama mkwe akataka zifutwe. Mke wangu akafuta kwenye seva, akafuta diski ya kwanza. Kwenye ya pili akamgeukia mama yake.

"Mama, sauti yako haipandi tena. Zikienda hizi, basi."

"Futa."

Akafuta.

"Sasa wewe utabaki hapa mpaka uzishike kichwani, uje uwafunde wanao. Mumeo asogee."

"Shikamoo mama," nikamtolea heshima kutoka barazani.

"Marahaba," ikatoka ndani, fupi.

Nikasogea hadi kwenye mikorosho, nikaketi. Sauti yake ikanifikia, imekwaruza. Ikakatika, akakohoa, akaanza upya. Nikainuka nikaenda hadi barabarani. Hata pale sikuwa na hakika kama nisikiacho ni upepo au ni yeye. Nikazidi kwenda.