S ya Usalama

Nachonga mihuri ya mpira, mwaka wa ishirini na mbili huu. Serikali ikipinduliwa wenzangu hufunga maduka, mimi nafungua. Kamati inageuka baraza, baraza linageuka tume, na wote hao hawawezi kumwamrisha hata paka bila muhuri. Siku hizi sishtuki tena. Risasi zikilia najiuliza tu: haya, na hawa watajiitaje?

Safari ile walijiita Kamati ya Usalama. Karani wao alikuja asubuhi, jasho linamtiririka.

"Dada, tunautaka kabla ya saa sita. Barua za kuwaachia watu zimeshasainiwa, zinangoja muhuri tu."

Mojawapo ilikuwa ya mdogo wangu, dereva wa gari la wagonjwa. Walimkamata kwa kuwa barabarani saa za marufuku, na nyuma kambeba mjamzito mwenye uchungu. Basi nikashika kisu mbiombio.

Herufi za muhuri huchongwa kinyume, ili ukigongwa zisomeke sawasawa. Neno usalama lina ujanja wake: U, A na M hata ukizigeuza ni zilezile. Zinazotaka akili ni S na L tu. L niliikumbuka.

Karani aligonga barua zote bila kuangalia, ya kwetu akanikabidhi mkononi. Nikaenda nayo hadi lango la gereza. Askari akaikodolea macho.

"Mbona S imegeuka? Hii ya kughushi."

"Si ya kughushi, afande. Huo muhuri nimeuchonga mwenyewe."

"Ala! Na unakiri kabisa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikaitazama ile S. Barua za wengine nazo zilikuwa nayo hiyohiyo.

Nilirudi dukani nikachonga mwingine, karani akagonga upya, nikafika langoni saa tisa. Lori lilikuwa limeondoka saa nane na wafungwa wote waliobaki gerezani. Limekwenda wapi?

"Hatujaambiwa, dada. Nenda kapumzike."

Huu mwezi wa saba tangu siku ile. Kamati ile haipo tena, na waliokuja baada yake wanasema hawakukuta kumbukumbu yoyote. Nilidhani nitalia. Nakula, nalala, nachonga. Watu wananipa pole, naitikia kama vile wamenisalimia.

Siku ile ile mama aliniuliza kwa nini walimkatalia mwanawe. Nikamwambia, serikali hizi mama, si unazijua? Akaamini. Nani asingeamini? Tangu hapo kila tukimaliza kula anainua mikono, anaomba mkono uliomzuia mwanawe upooze.

"Itikia basi, mwanangu," ananiambia.

Naitikia amina, nakusanya vyombo.