Wanakondoo wa Kiangazi

Kwetu Ugogo kondoo dume hakuachwa huru katikati ya majike. Alifungwa kipande cha ngozi chini ya tumbo, kikakazwa kwa kamba mbili zilizopita mgongoni, naye akala na kulala nacho. Akitaka kumpanda jike, ngozi ilimzuia. Ilifunguliwa mara moja tu kwa mwaka, mavuno yakiwa yamekwisha na upepo wa vumbi umeanza, kwa sababu kondoo hubeba mimba miezi mitano, na ukihesabu miezi mitano tangu hapo utakuta mvua imeshika na majani yako chini. Hiyo ndiyo ilikuwa hekima kubwa ya kufuga kondoo katika nchi yetu kavu. Mtu angeweza kuwa mvivu katika mambo mengine, lakini si katika hilo.

Mimi sikuwa mvivu. Nilikuwa nasoma.

Ilikuwa enzi za Wadachi, kabla ya reli kufika. Nilikuwa kijana wa kutosha kuoa, na nilikuwa nikifundishwa kwa ajili ya ubatizo katika kituo cha misheni, mwendo wa siku moja kutoka kwetu. Baba hakunikataza. Alisema tu kwamba kitabu hakikamuliwi. Ndugu zangu walicheka, nami nikacheka pamoja nao, maana ilikuwa kweli.

Siku moja tukiwa tunakata mtama, niliona ngozi ya dume imekauka na kumchubua tumbo mpaka akafanya kidonda. Nikamfungua, nikaipaka ngozi mafuta ya mkia wa kondoo, nikaitundika ilainike, nikinuia kumfunga tena jioni. Alasiri ukaja ujumbe kwamba mwalimu anatutaka kituoni, sisi tuliokaribia kubatizwa, tukae huko siku sita. Niliondoka saa ile ile kwa furaha. Kondoo walichungwa na dada yangu mdogo, na msichana kwetu hakufundishwa kutazama mambo ya dume. Niliporudi nilikuta ngozi pale pale nilipoiacha, imelainika vizuri. Nikamfunga dume, nikatazama huku na huku, nisimwambie mtu.

Zilikuwa zimepita siku mbili tu tangu nibatizwe huko kituoni, na tayari nilikuwa na jambo la kuficha.

Mavuno yalipokwisha baba aliwatoa ng'ombe kwenda kwenye majani ya mbuga ya Bahi, kama kila mwaka, na nyumba nzima ikaenda nao, mama, ndugu zangu na dada yangu. Kondoo hawakwenda, kwa kuwa tope la mbuga huwaozesha kwato. Mtu mmoja alibaki nao siku zote, na mwaka ule baba alinichagua mimi.

"Majike ni wangapi?" aliniuliza asubuhi ya kuondoka, ng'ombe wakiwa wamekwisha kutoka zizini.

"Ishirini na wawili, baba."

"Nikirudi nikawakuta ishirini na wawili, kiangazi kijacho utakwenda na ng'ombe, na nitakutengea wako wa kuolea. Nikikuta wamepungua, nitajua moyo wako umehamia huko kwa mwalimu wako, na sitakusumbua tena kwa habari za ng'ombe."

"Sawa, baba."

"Usiseme sawa upesi. Kiangazi ni kirefu."

Msomaji wa leo huenda asione uzito wa maneno yale. Mgogo asiye na ng'ombe alikuwa mtu wa kukaa pembeni baraza likikaa. Aliulizwa habari za barabara na za mvua, hakuulizwa shauri.

Basi wakaenda, na vumbi lao likakaa hewani muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Tembe yetu, nyumba ya paa la udongo, ilikuwa na vyumba vinne kuuzunguka ua, na sasa vitatu vilikuwa vitupu. Majirani nao walikuwa wamekwenda na mifugo yao, na wanaume waliobaki walikuwa wamechukuliwa na akida kufyeka njia ya Wadachi. Ng'ambo ya korongo alibaki bibi mmoja mjane, ambaye miguu yake haikuweza safari. Nilimpelekea maji kila siku baada ya kuwanywesha kondoo, maji ya kuchimba mchangani, kina cha mtu mzima na zaidi. Ukimwondoa yeye, ningeweza kukaa siku nyingi nisiseme neno. Nilikuwa nikisoma Injili kwa sauti kondoo wakila, na watu waliokuja kusikia habari hiyo baadaye walinisifu kwa uchaji. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikia sauti ya mtu.

Nilimfungua dume kwa wakati wake, nikaamini kwamba Mungu amelifunika kosa langu. Kisha, joto lilipozidi na majani ya mwisho kugeuka unga, nikaona jike mmoja mzee kiwele chake kimeanza kujaa. Nikawashika mmoja mmoja, nikawapapasa. Walikuwa saba. Nikahesabu kwa vidole tangu siku ile ya ngozi, nikarudia kuhesabu. Mvua ilikuwa mbali kwa mwezi mzima, labda na zaidi.

"Mume wangu," bibi akaniambia siku hiyo, maana ndivyo alivyoniita kwa utani, "leo maji yamechelewa. Umepata mke mwingine?"

"Nimepata shida, bibi."

"Shida ndiye mke mwenyewe. Sema."

Nikamsimulia yote. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Alicheka mpaka akakohoa, akajishika mbavu.

"Kumbe siku ulipokuwa ukioshwa wewe, dume naye alikuwa na sherehe yake!"

Alipotulia akanikalisha chini. "Sasa nisikilize. Watoto wakizaliwa, usiwaache wanyonye. Waondoe siku ile ile. Jike asiye na majani akinyonywa, anatoa mwili wake mwenyewe. Mama akibaki, mwakani atazaa. Mama akifa, umepoteza wote wawili."

"Nitawatafutia chakula."

"Wapi?"

"Maganda ya migunga yapo."

"Yapo. Na mbuzi wa nchi nzima wameyaona kabla yako."

"Siwezi kuwaua, bibi. Nimefundishwa habari za mchungaji mwema."

"Huyo mchungaji wako," akasema, "alichunga kiangazi au masika?"

Nikachukua chombo changu cha maji, nikaondoka. Wakati ule niliona kwamba nasimama katika imani. Leo, baada ya miaka mingi ya kujichunguza, naona palikuwa na kiburi ndani yake. Kosa lilikuwa langu, nami nilitaka lisigharimu kitu.

Wa kwanza kuzaa alikuwa yule jike mzee. Alijitenga na wenzake asubuhi, akakwarua ardhi kwa kwato, akalala, akainuka, akalala tena. Ilitoka miguu miwili midogo na pua juu yake, kama inavyopasa, na mwanakondoo akaanguka mwenyewe. Wa pili alinisumbua. Ulitoka mguu mmoja tu. Nikapaka mkono mafuta, nikamrudisha mtoto ndani polepole, nikautafuta mguu uliokunjika, nikauvuta. Mama yake hakutaka kumlamba, basi nikampaka mtoto chumvi ya Bahi mgongoni, naye akasogea, akaonja, akaanza kulamba kwa nguvu. Nilikaa chini nikicheka peke yangu. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha, na furaha ile ikaniuma kama huzuni.

Nilifanya yote niliyoweza. Niliwaweka wanakondoo ndani ya tembe jua likipanda, nikawatoa kunyonya asubuhi na jioni. Nilikwea migunga na mti mrefu mkononi, nikatikisa maganda, miiba ikinichana, nikapata kikapu kimoja mahali nilipohitaji kumi. Nilibomoa paa la chumba kimoja kwa ajili ya majani makavu yaliyokuwa chini ya udongo, nao wakayala kidogo wakayaacha. Majike wale wawili walizidi kukonda. Mkia wa kondoo wetu ni ghala lake la mafuta, na nilipoishika mikia yao niliona imekuwa ngozi tupu.

Jike wa pili alikufa amesimama akiegemea ukuta, mwanawe akivuta kiwele. Nilimwachanisha mtoto, nikampa uji mwepesi wa uwele kwa kidole. Akaharisha siku mbili, akafa. Kesho yake jike mzee alilala chini akakataa kuinuka, na kabla ya adhuhuri naye alikuwa amekufa. Mtoto wake akafuata. Wakati huo majike wawili wengine walikuwa wamezaa, na wana wao walikuwa na nguvu, wakirukaruka mlangoni.

Nilikaa na Injili mapajani nisifungue. Niliomba mvua. Kisha nikaomba nisitakiwe kufanya nililotakiwa kufanya. Kisha nikaacha kuomba, kwa maana nilijua kwamba nilikuwa nikimwomba Mungu anifichie, kama nilivyomficha baba.

Niliwachukua wale wanakondoo wawili mmoja mmoja nyuma ya zizi, mama zao wakiwa malishoni. Niliwaziba pua na mdomo kwa kiganja, nikawashikilia kifuani. Haichukui muda mrefu. Wa kwanza alidhani nampa kidole anyonye.

Nilimpelekea bibi nyama. Hakunitania. Aliipika mbele yangu, akanisukumia kipande, nikakataa.

"Kula," akasema. "Umekwisha kulipa."

"Siwezi."

"Basi nitakula mimi, na nitakushukuru wewe na Mungu wako, maana sijala nyama tangu watu waondoke."

Akala polepole mpaka mwisho, akavunja mifupa na kufyonza. Kumwona akila kulinisaidia kuliko neno lolote.

Mama za wanakondoo waliita siku tatu. Walisimama mahali walipozalia, wakaita, wakatega masikio, wakaita. Nimekuwa katika nyumba zenye msiba mara nyingi, kazi yangu ya kanisa imenipeleka huko, na sijasikia sauti iliyo pweke kama ile. Siku ya nne wakanyamaza, wakaanza kula. Ndipo nilipotamani waite tena.

Wengine wawili walizaa, nikafanya hivyo hivyo siku ile ile, kabla mama hawajamaliza kulamba. Akabaki wa saba. Yeye alizaa mawingu yakiwa yamesimama upande wa mashariki, meusi, na upepo ukinukia udongo uliolowa mahali pengine. Nikasema, huyu nitamngoja. Nilingoja kutwa nzima. Jioni mawingu yalitawanyika. Mkia wa mama ulikuwa mwembamba kama wa mbuzi. Asubuhi nikamwondoa mwanawe.

Mvua ilinyesha siku ya tatu.

Nimemshukuru Mungu kwa mambo mengi maishani, na kwa mengi nilishukuru upesi. Kwa siku tatu zile nimechukua muda mrefu. Sikuwahi kuambiwa sababu yake, na siku hizi siulizi tena. Nashukuru kwamba nilipewa kazi iliyokuwa yangu, na nikaifanya mwenyewe.

Baba alirudi majani yakiwa ya kufunika ukwato. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja zizini, akawatazama kondoo, akainama kushika kiwele cha jike mmoja, akakiachia.

"Mbukwa," nikamwamkia.

"Mbukwa." Hakugeuka. "Ishirini."

"Ndiyo, baba. Wawili wamekufa."

"Na hawa watano wamezaa. Watoto wako wapi?"

Nikamwambia yote tangu ngozi ilipotundikwa, nisiruke kitu. Ndugu zangu walikuwa wamesimama langoni, na hakuna aliyecheka. Baba alisikiliza akibonyeza kinyesi cha kondoo kwa ncha ya fimbo yake.

"Nani aliwaua?"

"Mimi."

"Bibi alikushauri?"

"Mwanzoni kabisa. Sikumsikia."

"Ulimsikia lini?"

"Wawili walipokwisha kufa."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kujitwika. "Wengine huanza kusikia wakati zizi ni tupu," akasema. Akarudi kubonyeza kinyesi kwa fimbo, nami nikaanza kutumaini.

"Nilikuambia ishirini na wawili," akasema hatimaye. "Neno nililolisema mbele ya ng'ombe siwezi kulila. Hutakwenda nao."

"Ndiyo, baba."

"Lakini kondoo hawa ni wako. Wote, na dume wao. Sitawahesabu tena, mimi wala ndugu zako."

Akaingia ndani kumtafuta mama amtengenezee pa kulala, kwa kuwa mvua ilikuwa inaingia chumba kile nilichobomoa paa.

Mpaka amekufa sikumwuliza kama alinihukumu au alinihurumia. Nadhani yeye mwenyewe hakuona tofauti. Mke nilipata kwa kondoo, miaka mingi baadaye, na mkwe wangu alinikubalia huku akilalamika kwamba hajapata kuona mahari inayolia namna ile. Katika baraza nilikaa pembeni, kama nilivyojua nitakaa, mpaka nywele ziliponigeuka nyeupe ndipo vijana wakaanza kuja kuniuliza, na walichouliza kilikuwa habari za kuzalisha kondoo.

Kiangazi kilichofuata waliondoka tena kwenda Bahi. Sikungoja kuitwa. Niliwafungulia ng'ombe lango, mmoja baada ya mwingine, nikawapigapiga mgongoni wakipita. Baba alipita wa mwisho. Alisimama, akanipa tumbaku kidogo ya kumpelekea bibi, akaenda. Niliziba lango kwa miiba, nikachukua chombo cha maji, nikawatoa kondoo wangu.