Nyama Tuligawiwa Sawa, Siri ya Akaunti ya Nje Akapewa Mke Mdogo

Asalaam aleykum ndugu zangu wa humu, na msio Waislamu nawasalimu pia. Admin, jina langu na namba yangu naomba vibaki kwako, maana Songea ni ndogo na mume wangu anajulikana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, nimeishia darasa la saba, watoto wangu wote wana miji yao. Ni mke wa kwanza. Mume wangu anafanya biashara ya mawe ya vito na korosho, kwao ni Nalasi huko Tunduru. Tulianza maisha hatuna kitu, nikikaanga vitumbua ili yeye apate nauli ya kwenda machimboni.

Miaka tisa iliyopita akaongeza mke. Sikupiga kelele, dini imeruhusu, na aliahidi mbele ya wazee kwamba atafanya uadilifu. Nisimsingizie, amefanya. Zamu hajawahi kuruka. Akinunua kitenge ni pea mbili. Godoro langu inchi nane, la mwenzangu inchi nane. Hata nyama anasimama mwenyewe buchani ahakikishe kila mfuko una mnofu na una mfupa. Majirani walikuwa wananiambia, "Wewe una bahati, sisi wengine tunaambulia harufu." Nami nilikuwa najivuna moyoni, Allah anisamehe.

Sasa mwezi uliopita aliniachia koti nifue. Mfuko wa ndani kulikuwa na bahasha, nikaitoa isilowane. Kiingereza sikijui, lakini jina la mume wangu nalijua, na la mke mwenzangu nalijua. Yamekaa pamoja, moja chini ya lingine. Langu nililitafuta mbele na nyuma ya karatasi, halipo. Binti yangu ni mwalimu, siku hiyo alikuwa amekuja kunisalimia, nikampa asome. Akasoma, akaanza kuikunja.

"Sema, mama yako si mgonjwa wa presha."

"Mama, hii ni benki ya nje ya nchi. Baba ana akaunti huko, na mama mdogo ndiye mwenye saini ya pili."

"Nje? Kwani benki za hapa mjini zimejaa?"

"Wenye pesa wanapeleka kule ili isijulikane. Huku watu wa kodi wanauliza, ndugu wanauliza, wake wanauliza. Kule hawamtajii mtu jina lako."

"Mimi niliwahi kuuliza lini?"

Akairudisha karatasi kwenye bahasha.

Kilichonichoma zaidi ni tarehe. Ni mwezi ule ule wa mwaka juzi aliompeleka mwenzangu nje, tukaambiwa anatibiwa tumbo. Mimi nilifunga siku tatu nikimwombea asije akafia ugenini! Akarudi mashavu yamejaa, nikasema alhamdulillah, dawa imemkubali. Kumbe alikwenda kuweka saini.

Wapendwa, siyo pesa. Ni ngapi sijui na sikutaka kujua. Ni wivu. Nilidhani tajiri anaficha pesa kwa kuogopa wezi, kumbe anachagua na mtu wa kujua naye. Nawaona wawili hao kwenye ndege wameegemeana, wananong'ona mambo yao, halafu mimi wa vitumbua nikipigiwa simu naulizwa kama mkaa umebaki.

Bahasha sikuirudisha. Niliifukia kwenye ndoo ya unga nikisubiri mume aniulize, ili nami nimuulize. Hakuniuliza. Karatasi zake za namna hiyo zinakaa kwa mke mdogo, kwa hiyo, akiwa amesahau la koti, akaenda kumbana huko.

Jumapili mke mwenzangu akaja kwangu. "Shikamoo dada. Mume wetu ananifukuza. Anasema nimeiba kitu chake nikampa kaka yangu."

"Marahaba. Kitu gani, mdogo wangu?"

"Dada, nilikatazwa kusema."

Machozi yanamwagika na bado hasemi! Chai yangu amekunywa, uso amefutia kanga yangu, siri hakunipa. Nami nikanyamaza na yangu.

Mume alipokuja kwa zamu yangu, akiwa anakula, akaniambia, "Mama watoto, mwenzako nimempa mpaka Ijumaa. Asipotoa kitu changu, mjomba wake anakuja kumchukua arudi Namasakata na talaka yake."

"Kitu gani hicho?"

"Mambo ya biashara, yatakuchosha bure. Ndiyo maana nakupenda wewe, huna habari na mali za mtu."

Ndoo ya unga ilikuwa nyuma ya kiti chake. Nikamwongezea mchuzi.

Yule mwanamke anashukiwa kwa sababu ni yeye peke yake aliyeambiwa. Mimi sikuambiwa, basi hata wizi hanidhanii. Mtanicheka, lakini hilo nalo limeniuma.

Nitasema yote kwa kuwa hamnioni. Nimekuwa nikimfikiria na mabegi yake kwenye basi la Tunduru, na nikajisikia raha. Shetani ananiambia akiondoka yule patahitajika jina la pili, na safari hii litaandikwa langu. Halafu wanakuja watoto wake wawili, wananiita mama mkubwa, wanataka kula, na swala inanishinda. Najua kabisa kwamba kunyamaza kwangu ni dhulma. Binti yangu anapiga simu kila siku, "Mama, umerudisha?" Namjibu nitarudisha.

Nikimpa mume, atajua nimepekua na mwanangu amesoma, na wa kuachwa ninaweza kuwa mimi, kwa umri huu, wazazi wameshatangulia. Nikimpa mke mwenzangu aseme kaiona kwake, ataokoka. Ila hapo atakuwa anaijua siri ya mume wetu na siri yangu pia, na mimi nitamtazama usoni kila siku nikijua hivyo. Jamani, hilo ndilo sijui kama naliweza.

Wa kutukana naomba mpite, nimeshajitukana vya kutosha. Wenye hekima, leo ni Jumatano. Nishaurini, bahasha hii niitoe kwa nani?