Mfuko Mtupu wa Mama Pasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na jina hilo hakuliokota njiani. Kwa miaka ishirini na miwili alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na suruali ikitoka mikononi mwake ungeweza kukata mkate kwa mkunjo wake. Alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliicheka chinichini: nguo zake mwenyewe hakuna aliyewahi kuziona zikiwa chafu. Alizifua alfajiri kabla hajagusa za wateja, akazianika nyuma ya mashuka ili mpita njia asiambulie kitu.

"Uchafu wa mtu ni siri yake," alisema. "Mimi nazijua siri za mtaa huu wote. Yangu haijui mtu."

Ufundi wake alimrithisha mtu mmoja tu, binti yake wa pekee. Na ufundi huohuo ndio uliomnyang'anya binti. Binti alipata kazi ya kufua katika meli kubwa ya watalii, akaondoka kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka, na huo nao ukajifungua. Sasa ilikuwa mitatu.

Binti alipiga simu kila meli ilipotia nanga mahali penye mtandao. "Nipo mzima, mama," alisema kila mara. Mama Pasi alisikiliza huku amefumba macho. Sauti ilikuwa ya mwanawe, ila ilikuwa kama chai iliyoongezwa maji. Mdomo husema mzima hata kwa mgonjwa, aliwaza. Uso ndio usiojua adabu hiyo. Alitaka kuuona uso. Akiuona tu, kwa macho yake haya, angejua kama mtoto anaumia, na angelala.

Kisha siku moja ukaja ujumbe wa sauti. Mfanyakazi aliyemaliza miaka mitatu hupewa tiketi moja ya mzazi, safari ya siku saba.

"Uje, mama. Mimi siruhusiwi kupanda kwenu abiria, sisi tunakaa chini kabisa, lakini tutaonana tu, usiwe na wasiwasi. Ukivua nguo, tia kwenye mfuko mweupe uliomo kabatini. Zitaletwa kwangu."

Mama Pasi aliusikiliza ujumbe huo mara nne, na mara zote nne alisikia jambo moja. Mwanawe, ambaye katika picha alikuwa na alama ya kuungua na mvuke kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, alikuwa anaomba aongezewe nguo za mama yake juu ya nguo za watu elfu mbili. Nimzidishie mzigo? Thubutu!

Jirani yake, fundi cherehani, alikuja kumsaidia kufunga sanduku. Alikaa kitandani akisoma orodha aliyotuma binti: magauni mawili ya jioni, sweta, viatu bapa, kofia.

"Na nguo za kuogelea," akasoma.

"Mimi na maji tunakutana kwenye beseni tu."

"Basi vaa beseni, shoga."

Mama Pasi alipanga kwa mtindo wake wa kazi. Nguo nzito zilikaa chini, nyepesi alizikunja roli, na magauni aliyatia karatasi katikati ya mikunjo yasifike yamefinyangwa. Kila siku ilikuwa na furushi lake, la ndani mpaka la nje. Akamaliza, akatoa vyote, akapanga upya. Aliogopa sanduku litapotea, kwa hiyo akashona kitambaa chekundu kwenye mpini. Aliogopa vilevile kuwa wezi wataiona nyekundu hiyo, akaifumua. Mwisho kabisa, pale pembeni, akapenyeza mche wa sabuni, kamba na vibanio kumi na viwili.

Fundi akavitazama. "Shoga, unakwenda kutembea au kufua?"

"Nakwenda kumwona mwanangu."

"Na kamba ni ya kumfungia umrudishe?"

Mama Pasi hakucheka. Alifunga zipu.

Chumba chake melini kilikuwa namba mia nne kumi na saba, hakikuwa na dirisha, na bafu lake lilikuwa dogo kiasi kwamba ukiinama kusukutua utapiga ukuta kwa makalio. Jioni ya kwanza alivua gauni la safari akalifua kwenye sinki, akalisuuza mara tatu, akafunga kamba kutoka ndoano ya taulo hadi mkono wa kabati. Mfuko mweupe aliuona, ukiwa umekunjwa vizuri. Akaurudisha kwenye droo.

Mhudumu wa chumba, mwanamume mwenye mvi aliyezoea kugonga mlango kwa kucha mbili, alikuta kamba asubuhi.

"Mama, mbona unajitesa? Hapa kuna watu wa kufua."

"Nawajua," alisema Mama Pasi. "Waache wapumue."

Simu melini ilikuwa kipande cha kioo tu. Tangu watoke bandarini, mtandao ulikufa. Mama Pasi alingoja. Tutaonana tu, alisema binti, na yeye hakuuliza vipi, kwa sababu mtu haulizi mlango wa nyumba ya mwanawe uko upande gani. Chakulani walimkalisha kwenye meza ya watu wanane. Wawili walikuwa bwana mnene na mkewe, na wengine walikuwa ndugu waliokuwa wakigombania chumvi kwa furaha.

"Na wewe mama umekuja na nani?" akauliza mke wa yule bwana.

"Na binti yangu."

"Yuko wapi? Mbona hali?"

Mama Pasi akaonyesha chini kwa kidole. Wenzake wote, kwa heshima, wakatazama chini ya meza.

Siku ya tatu meli ilifika kwenye bandari ya kisiwa. Abiria walishuka kama siafu, na kofia zao na kamera zao. Mama Pasi alikuwa amevaa gauni lake la buluu tangu saa kumi na mbili. Alifika hadi kwenye ngazi, akasita. Je, akishuka, halafu mtoto akapata upenyo wa kupanda, akakuta mlango umefungwa? Akarudi. Alifungua mlango wa chumba nusu, akaweka kiti, akakaa akitazama ukumbi mrefu wenye zulia. Mtu akipita alimtambua kabla hajamwona. Huyu ana kisigino kilicholika, huyu ni mtoto, huyu amebeba sinia. Nyayo za binti yake zilikuwa na haraka ya mguu wa kushoto. Alizingoja hadi saa kumi alasiri, abiria waliporudi wakinuka jua, na hazikupita.

Kesho yake aliamua kumfuata. Aliteremka ngazi moja baada ya nyingine mpaka zulia likaisha, rangi ya kuta ikawa ya kijivu, na mlango mzito ukamzuia. Mlinzi alisimama mbele yake.

"Umepotea, mama?"

"Sijapotea. Mwanangu yumo humo ndani."

"Humo ndani kuna watoto wa watu mia nne, mama. Nikimfungulia mmoja nitawafungulia wote."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomfanya Mama Pasi ashindwe hata kugomba. Kabla hajapanda alisimama kidogo. Kupitia nyayo zake alisikia mashine zikizunguka, nzito, bila kupumzika. Alizijua. Zilikuwa zinakamua.

Siku ya tano mhudumu aligonga kwa kucha zake mbili, akabaki mlangoni akipepesa macho.

"Mama, nina swali, ila halina adabu."

"Sema, baba."

"Wewe hubadili nguo?"

Mama Pasi akainuka. "Unasemaje?"

"Samahani, samahani! Si mimi. Kuna binti huko kwa wafuaji. Kila nikishusha mifuko ananidaka: wa mia nne kumi na saba uko wapi? Siku ya kwanza nikamwambia bado. Ya pili bado. Jana alimwaga mifuko yote sakafuni akautafuta mwenyewe, mkubwa wake akamfokea mbele ya wenzake. Leo hakuuliza. Alinitazama tu, basi."

Mama Pasi alikaa kitandani taratibu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua ni mtu wako? Nilidhani ni bidii ya kazi."

Aliliendea kabati. Alitoa furushi la siku ya kwanza. Safi. La pili, safi. Akapekua soksi, leso, taulo, hata kitambaa cha kichwa. Vyote vilikuwa vimefuliwa, vimekauka, vimekunjwa pembe kwa pembe. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mama Pasi alitafuta uchafu, akaukosa. Basi akaingia bafuni, akavua gauni alilolivaa, akalitia mfukoni likiwa bado na joto la mwili wake, akautoa mfuko kupitia upenyo wa mlango.

"Mpelekee. Mwambie ni la leo."

Alisubiri akiwa amevaa nguo ya kulalia, saa nane mchana, kama mgonjwa. Ilipofika saa kumi na moja gauni lilirudi. Lilikuwa limepigwa pasi kiasi kwamba aliogopa kulikunjua. Ndani ya mfuko wa pembeni wa gauni palikuwa na karatasi. Alisoma kwa kufuata kidole, maana macho na shule vyote viwili vilikuwa vichache.

*Shikamoo mama. Ratiba ya ruhusa hutoka tukishaondoka bandarini, ndiyo maana sikuweza kukuambia mapema. Nilipewa saa mbili, siku ya tatu, pale kisiwani. Nilitaka nikuandikie ndani ya nguo zako za kwanza tukutane wapi, maana sisi wa chini tumekatazwa kutuma ujumbe kwa abiria, na mhudumu akibeba anafukuzwa. Mfuko haukuja. Nikashuka hivyohivyo, nikasimama chini ya ngazi, nikamtazama kila mama aliyeteremka mpaka muda ukaisha. Sina ruhusa nyingine safari hii. Nikadhani kuna mtu amekwisha kukuambia kuwa nimetia saini miaka miwili mingine, na umekasirika, hutaki hata nguo zako niziguse. Nilitaka kukuambia mwenyewe, uso kwa uso.*

Alisoma mara ya pili. Saa mbili zile yeye alikuwa kwenye kiti, akisikiliza nyayo za watu wasio wake.

Kuandika kulimchukua jioni yote. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimeinama kama nguo kwenye kamba iliyolegea. *Sikukasirika. Sikujua kitu. Nilifua mwenyewe ili wewe upumzike. Nataka kukuona.* Asubuhi aliujaza mfuko mweupe nguo zake nyingine zote ili barua isipotee peke yake.

Mhudumu akaupima kwa mkono, akachungulia. "Mama, hizi ni safi."

"Peleka hivyohivyo."

Jibu lilikuja siku ya mwisho likiwa fupi. *Ukishashuka usitoke na wenzako. Tembea gatini mpaka nyuma ya meli. Kuna mlango wa chini wa kupitishia mashuka. Saa tatu. Nitapata dakika moja au nisipate.*

Saa mbili na nusu alikuwa keshafika, anakokota sanduku juu ya saruji yenye mafuta. Ubavu wa meli ulikuwa ukuta usio na mwisho, na chini yake kulikuwa na tundu la mraba, wazi, lenye daraja fupi la chuma. Kati yake na daraja palikuwa na mnyororo, na mtu wa bandari aliyemwonyesha kwa mkono kwamba hapo ndipo mwisho. Matoroli ya mashuka machafu yalitoka mfululizo, yamejaa kama vichuguu, na nyuma ya kila toroli palikuwa na mtu ambaye si yeye.

Toroli la saba au la nane lilisukumwa na wasichana wawili. Mmoja alikuwa akimwambia mwenzake jambo, na wote wawili walikuwa wanacheka kicheko cha tumboni, kile cha watu wanaocheka pamoja kila siku. Alikuwa amekata nywele. Mabega yamepanuka. Mama Pasi alimtambua baada ya kumtazama.

"Mama!"

"Mwanangu!"

Injini zilikuwa zinanguruma, ikabidi wapigiane kelele kama wagomvi.

"Mbona hukutia nguo, mama? Mfuko ulikuwepo!"

"Ningekupa nguo chafu mimi? Wewe?"

"Nani mwingine sasa?" Binti alishika kiuno, akacheka, kisha akaacha. "Umeisoma ile ya mkataba?"

"Miaka miwili?"

"Miwili, mama."

"Ni mingi!"

"Najua!" Alitazama nyuma, mtu alikuwa akipuliza filimbi. "Wananipandisha cheo. Nitakuwa mkubwa wa zamu. Hukunisikia? Mkubwa wa zamu!"

"Nimesikia!"

"Umefurahi?"

Mama Pasi aliutazama uso. Aliutazama kama anavyotazama kola kabla ya kuipiga sabuni, kwa kuugeuza, akitafuta alama. Mashavu yalikuwa yamejaa. Macho yalikuwa yamelala vizuri. Hakuna mahali palipokuwa panauma.

"Nimefurahi!" akapaza sauti.

Mwenzake akamvuta mkono, toroli lililokwisha kumwagwa likageuzwa, na tundu likawameza wote wawili. Yale yaliyofuata yalisukumwa na wengine. Alingoja hata hivyo, mpaka daraja likainuliwa na mlango ukafungwa, na ubavu wa meli ukawa laini kama haukuwahi kuwa na upenyo.

Mtu wa bandari akamsogelea. "Mama, hapa haparuhusiwi kusimama. Unamngoja mtu?"

"Nilikuwa nina hofu na binti yangu," alisema Mama Pasi. "Nilidhani huko aliko anateseka."

"Kumbe?"

"Kumbe hateseki."

"Basi Mungu ashukuriwe."

"Ashukuriwe," akaitikia. Alishika mpini wa sanduku, akauliza njia ya kutokea, akaambiwa, lakini masikioni mwake kilikuwa bado kikilia kile kicheko cha kwenye toroli, ikambidi aulize tena.