Siku Mguu Wangu Ulipoitika

Nguo ya gome la mti ina harufu yake peke yake: moshi kidogo, udongo mkavu, na hewa ya sanduku lililofungwa muda mrefu. Juzi binti yangu alinunua mkoba wa gome kwenye duka la watalii, akanipa nimshikie huku akijaribu viatu. Nilipoupakata, harufu ilinipanda, na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikajikuta nimebana miguu yote miwili chini ya kiti. Ngoja niwaambie kwa nini.

Tulikuwa tunaishi Kawempe kwa mama yake mama, kwa kabila Mganda wa kweli, ambaye tulimwita jjajja kama wajukuu wote wa kwao wanavyowaita bibi zao. Kabla ya hapo tulikaa kwenye nyumba za polisi, kwa kuwa baba alikuwa polisi. Baba alikuwa Mwacholi, wa kabila la kaskazini ambalo watawala walilishuku. Miaka ile ya utawala wa jeshi, Mwacholi aliyevaa sare alikuwa mtu wa kuhesabiwa siku. Wenzake walikuwa wakiitwa kwenda kujibu maswali, na hawarudi. Siku moja naye hakurudi, na mama alilia mpaka dereva mmoja wa lori alipoleta habari kwamba yuko Nairobi, mzima, na anataka tumfuate.

Mama alikuwa na pasipoti. Mimi sikuwamo. Ili nivuke naye mpaka, ilibidi jina langu liandikwe ndani ya pasipoti yake, na ili liandikwe, ilibidi athibitishe kwamba nimezaliwa na kwamba ni wake. Cheti cha kuzaliwa nilikuwa nacho, lakini kilikuwa na jina la baba, na jina la baba lilitaja kwao kabla hujauliza. Kukipeleka kwenye ofisi ya serikali kulikuwa sawa na kujipeleka wenyewe. Jjajja alikitia motoni chini ya sufuria ya matoke, kisha akaendelea kumenya ndizi. Tangu siku hiyo, kwa serikali, nikawa sijazaliwa.

Nilikuwa na majina mawili. Baba aliniita Akello, mama akaniita Kizza, na yote mawili, kila moja kwa lugha yake, hupewa mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Mapacha walikuwa dada zangu ambao sikuwahi kuwaona. Waganda hawasemi kwamba pacha amekufa; husema ameruka. Basi mimi niliamini kwamba dada zangu wamo miongoni mwa wale kaloli, korongo wakubwa wenye vipara waliosimama juu ya mapaa ya mji, na nilisikitika kimoyomoyo kwamba walikuwa wabaya hivyo.

Mama alinifundisha majibu akiwa kwenye cherehani. Jina? Kizza. Baba? Hapo nilitaja jina la mjomba, Mganda safi. Kiacholi kilipigwa marufuku nyumbani, hata kwenye kuhesabu vidole. Hilo lilinitesa kuliko yote, maana kilikuwa lugha ya jioni. Baba akirudi kazini alikuwa akikaa barazani kufungua kamba za buti, na kabla hajamaliza la kwanza ananiita, "Bin kany," yaani njoo hapa, nami naacha chochote nilichoshika na kumkimbilia.

Siku ya kwenda ofisini, jjajja alitoa kifurushi cha nguo ya gome kutoka kwenye sanduku lake. Ndani mlikuwa na vitovu vya mapacha, vimekaushwa na kushonewa shanga na makombe ya simbi, pamoja na changu ambacho hakikuwa na pambo lolote. "Karatasi imeungua," akamwambia mama. "Hawa hawaungui. Nenda na mashahidi wako." Tukashuka kwa miguu mpaka ofisi ya pasipoti pale Nakivubo, kifurushi kikiwa kifuani mwa mama, na barua ya chifu wa mtaa mkononi. Mkono wake wa pili ulinishika mimi, na kila nilipotaka kuuachia alinibana zaidi.

Chumba kilikuwa na watu wawili. Nyuma ya meza alikaa karani mwembamba, shati lake limepigwa pasi vizuri, mbele yake kibao chenye jina la Kiganda. Dirishani alikaa askari mwenye miwani myeusi, akila karanga na kudondosha maganda sakafuni. Hakuwa na kazi yoyote niliyoiona, na bado yeye ndiye aliyeuliza.

"Wewe mama, iko wapi cheti ya hii mtoto?"

"Ilipotea, afande."

"Ilipotea! Watu wote cheti inapotea. Nitajua namna gani hii ni mtoto yako? Labda ya mtu mwingine. Ya mtu imekimbia."

Mama alipiga magoti, kama wanawake wa kwao wanavyofanya, lakini sauti yake haikupiga magoti. Akasema yeye ni Nnaalongo, mama wa mapacha, na huyu ni Kizza aliyewafuata, na Kawempe nzima inajua. Akaweka kifurushi mezani. Harufu ya gome ikajaa chumba.

"Fungua," askari alisema.

"Mapacha yangu iliruka, afande. Iko hapa. Mimi nafungua, lakini wewe ukiwagusa, wewe utawatuliza. Wakikasirika wanaunguza ngozi."

Askari akanyoosha mkono, akaurudisha, akaupangusa kwenye suruali. Bunduki aliijua, vitu hivi hakutaka kuvijua. Mama alifungua pembe moja ya nguo, shanga zikaonekana, na karani akasema imetosha. Akachukua kalamu na kuanza kuandika. Nilimsikia mama akipumua.

Ndipo yule askari, akiangalia karanga zake, akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayecheza na mtoto, "Bin kany."

Mguu wangu wa kulia ulikwenda. Sikuutuma. Ulipiga hatua moja kuelekea dirishani, na mimi nikaufuata kwa macho kwa hofu, kama mguu wa mtu mwingine. Mama aliganda pale magotini. Askari aliinua uso polepole.

"Ndiyo, sogea basi!" Karani alifoka. "Nakuita kwa mkono tangu saa ile, unashangaa tu. Njoo hapa mezani nikuone sura." Akamgeukia askari. "Watoto wa Kawempe hawa, afande, mpaka uwavute masikio."

Nilikwenda mezani. Askari alinitazama, akatazama kifurushi, kisha akacheka na kurudi kwenye karanga zake. Karani akaniandika, akagonga muhuri, akasukuma pasipoti bila kututazama. Nilikuwa nimelelewa kushukuru, hata kwa anayenipa maji, nikafungua mdomo. Mama alinivuta mkono nusura aung'oe, akatoka bila hata kwaheri. Niliona haya kwa ajili yake. Sikuwahi kumwona mama akikosa adabu.

Mpaka tuliuvuka. Baba alinibeba stendi ya mabasi huku nikimsimulia habari za askari na karanga. Karani sikumtaja, kwangu alikuwa mtu aliyenifokea tu.

Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe, nipo nafua nepi, ndipo jambo lile liliponijia lote kwa mkupuo, nikakaa chini kwenye maji ya sabuni. Karani hakuwa ameinua mkono. Alikuwa akiandika. Na askari alisema maneno mawili ya Kiacholi bila kuyatafsiri. Yule mtu wa jina la Kiganda alijuaje kwamba nimeitwa?

Nilimpigia mama simu, nikamwuliza.

"Mimi nilijua palepale," akasema. "Ndiyo maana sikumshukuru. Ningemshukuru, yule wa dirishani angejiuliza ni kwa lipi."

Sijui kwao alikuwa wapi, wala mama yake alimwita nani, wala kama naye alipata wa kumfokea siku mguu wake ulipokwenda. Namshukuru sasa, kwa lugha ambayo siku ile yeye na mimi tulijifanya hatuijui: apwoyo.