Chiriku Aliyekwama na Yai

Nilirudi Kikima na diploma ya ufugaji wa kuku, niliyoisomea jioni baada ya kuendesha lori huko nchi za Ghuba, na hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Nilijenga nyumba ya mawe, nikaweka vigae, nikajenga na banda la kuku mia tatu wa mayai. Watu wa kanisani walikuja kutazama. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu asubuhi ile hayo yote hayakunisaidia kitu.

Mke wangu alikuwa na chiriku wawili, dume na jike, ndege wa kufugwa wadogo kuliko kiganja. Alikuwa ameishi miaka tisa bila mimi. Watoto walipokwenda shule za bweni aliomba ndege, nikamletea kutoka Nairobi. Aliongea nao Kikamba akipika. Kitu kimoja tu alikisubiri: vifaranga.

Ilikuwa Julai, na ukungu ulikuwa umefunika milima ya Mbooni. Alinifuata bandani.

"Njoo haraka. Yule jike ameketi chini ya kizimba. Hapandi."

Jike alikuwa amevimbisha manyoya, macho nusu yamefumbwa, mkia ukipanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Nilimshika, nikapapasa chini ya tumbo. Palikuwa na uvimbe mgumu. Yai lilikuwa limekwama, na ndege mdogo namna hiyo lisipotoka anaweza kufa kabla ya jioni. Nikamwambia mke wangu hivyo hivyo, bila kupunguza.

"Basi mtoe," akasema. "Si wewe ndiye Diploma?"

Ndivyo anavyoniita tangu nitundike cheti sebuleni.

Niliwasha taa ya kupasha vifaranga joto. Dakika chache, stima ikapotea. Nikavuta jiko la makaa, kisha nikakumbuka kwamba hewa yake huua ndege upesi kuliko baridi, nikalirudisha nje. Mke wangu akaleta kiondo chake kikubwa. Tukaweka ndani chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, tukamlaza jike kando yake, tukafunika. Nikamdondoshea pembeni mwa mdomo tone la kalsiamu ninayowapa kuku, na kumpaka mafuta kidogo ya kupikia chini ya mkia.

Saa nne, hakuna kitu. Saa tano pumzi zake zilikuwa fupi zaidi, na dume alilia bila kunyamaza.

Jirani yetu, mama wa kwaya, alipita kuchukua trei yake ya mayai akachungulia.

"Ala! Leo Diploma anaotamia mwenyewe!" akacheka. "Na kile kikombe cha mayai madogo ulichotuonyesha kule stoo, kimejaa?"

Mke wangu akainua kichwa. "Kikombe gani?"

Jirani akaona uso wake, akachukua trei yake akaenda.

"Mimi nilidhani hatagi," mke wangu akasema. "Umetoa mangapi?"

"Ishirini na moja," nikasema, na kwa majivuno, kabla sijasikia nilichokisema.

Kuku wa mayai ukimwondolea yai anataga lingine. Mimi nilikuwa nikipita kwenye kiota cha chiriku kila alfajiri kama ninavyopita bandani, nikionyesha wateja jinsi ndege wangu anavyotaga. Yeye naye aliendelea kutaga, mpaka akamaliza chokaa ya mifupa yake kwa kutengeneza maganda, na misuli ikakosa nguvu ya kusukuma. Baridi haikuwa imemuumiza, wala mbegu anazokula. Ni mimi.

Nikafunua kiondo. Kuku nimewatoa mayai yaliyokwama kwa kidole mara nyingi. Nikaweka kidole gumba tumboni mwake, na mke wangu akanikamata mkono.

"Likipasukia ndani?"

"Atakufa."

"Basi toa mkono."

Nikautoa. Tulibadilisha maji moto mara mbili.

Karibu saa saba jike alisimama, akapanua miguu, akasukuma, akaanguka ubavu. Nilijua amekufa. Mke wangu akainama mpaka pua ikagusa ukingo wa kiondo.

"Anapumua."

Akasukuma tena. Yai likatoka na ganda laini kama ngozi, lina mchirizi wa damu. Akalala mdomo wazi. Baada ya muda mrefu akanywa tone la maji kwenye kidole cha mke wangu.

"Ataishi?"

"Sijui," nikasema.

Siku ya tatu alipanda kijiti chake. Siku hiyo hiyo mke wangu alikwenda sokoni, akarudi na kufuli dogo, akafunga kizimba na ufunguo akaufungia kwenye ncha ya leso yake. Siku hizi ndege wakianza kelele asubuhi, nasimama mlango wa jikoni na kuuliza wameamkaje.