Kabati la Chatu wa Guku

Wiki iliyopita nilifikia nyumba ya wageni pale Bariadi mjini. Mapokezini waliweka sanduku la kioo, samaki wawili wanazubaa katikati ya majani. Mimi, mtu mzima na heshima zangu, nikasimama pale machozi yananitoka, mpaka binti wa mapokezi akaniuliza kama naumwa. Ningemweleza nini? Ngoja nikueleze wewe.

Guku, ndivyo tunavyomwita babu kwa Kisukuma, alikuwa mmoja wa Wayeye, wale wanaocheza ngoma na nyoka. Alikuwa na chatu mchanga, unene wa mkono wangu wa wakati ule, akilala kwenye tenga. Kila asubuhi, kabla hajatusalimu sisi, Guku alifunua tenga akasema, "Mwangaluka." Bibi alikuwa akitugawia chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akasonya: "Siku akikujibu, mimi nahama."

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi. Malori mageni yakawa yanaingia hadi kijijini na redio zao, na duka la ushirika likafa. Siku vitu vyake vilipouzwa, watu waligombania mizani na mabati. Guku akarudi na kabati la vioo lililokuwa likiwekewa vitenge, amelilaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Akasema hiyo ndiyo nyumba mpya ya chatu; bibi akashika kichwa.

Kulipanda majani ilikuwa kazi yangu. Mwalimu wetu wa sayansi alisema mnyama apewe mazingira yake, nami nikalishika neno hilo kama amri. Chini nikamwaga kokoto, kisha mchanga wa mtoni, juu udongo mweusi wa mbugani. Nikapanda ukoka na matete mafupi, nikaweka gogo la kujikunia na karai la maji. Guku akabandua ubao wa juu akafunga wavu, apate hewa. Jamani, lilipendeza! Nilikuwa nakaa mbele yake natafuna michembe, namwangalia chatu akipita taratibu kwenye majani niliyoyapanda mwenyewe. Sijawahi kujisikia tajiri namna ile tena.

Kiangazi kikaingia, pamba imeshavunwa, ngoma zinakaribia. Guku akaenda Kasoli siku mbili kupanga na wenzake. Majani yakaanza kunyauka. Nikaona nikiyamwagia kwa kopo nitayalaza, basi nikaenda stoo nikachukua bomba la kupulizia dawa ya pamba. Nililisuuza mara moja, nikajaza maji, nikapulizia mpaka vioo vikatoka jasho. Harufu ya dawa? Nyumba nzima ilinuka dawa ya pamba, tulikula nayo, tulilala nayo. Nani angeisikia?

Guku aliporudi, chatu alikuwa amepinda shingo, kinywa wazi. Jioni akafa. Guku akachuma jani akalinusa, akaenda stoo akanusa bomba, akaja akaniangalia. Nikangoja fimbo. Hakunigusa. Alilitundika bomba juu kabisa darini, nisipofikia, na majirani walipouliza akasema, "Alikuwa mzee yule." Chatu mchanga vile, mzee!

Unajua Wayeye walivyojulikana kwa dawa zao za nyoka. Siku ya ngoma Guku aliingia uwanjani mikono mitupu. Kundi la ngoma walilokuwa wakishindana nalo likamwimba: dawa gani hiyo, hata nyoka wake haimponyi? Watu walicheka hadi kushikana mabega. Guku akacheza vilevile, jasho linamtiririka, bila kugeuka upande niliosimama. Kuanzia hapo hakucheza tena.

Guku hayupo, bibi hayupo, kabati sijui liliishia wapi. Nimewakumbuka, we acha tu. Lakini ningepewa siku moja ya kurudi, nisingeomba michembe wala kabati langu la majani. Ningesukuma watu wale wanaocheka, niingie katikati ya uwanja nimshike Guku mkono, niseme kwa sauti: nyoka nimemuua mimi.